Miaka minane nilikwama kwa ajili ya kiwanja cha baba: uzi wa kusamehe na kufunguliwa

Dereva wa Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka arudi jioni. Nimeuahirisha tangu mwaka jana, ila wiki iliyopita kijana mmoja hapa Malaba aliniambia, "Mzee, mimi nimekwama tu, hata sijui nimekwama wapi." Nikajiona mwenyewe nilivyokuwa. Naandika kwa ajili yake, na kwa mwingine yeyote anayeamka asubuhi akiwa amechoka kabla hajafanya lolote.

Mimi ni dereva wa lori. Njia yangu ni Mombasa, Malaba, Kampala, Gulu mpaka Elegu, na mara nyingine navuka hadi Juba. Nyumbani ni nje kidogo ya mji wa Tororo. Kiswahili nimekua nacho kambini, maana baba alikuwa askari.

Baba alifariki 2009. Kabla hajaondoka aliwaita wazee wa ukoo akatembea nao kiwanjani, akionyesha kwa fimbo. Kiwanja kilikuwa mia kwa mia. Nusu ya juu ya kaka yangu, nusu ya chini yenye mwembe ni yangu. Hakuna aliyeandika, tuliona neno la mzee linatosha. Mwaka 2012 nikiwa Juba, kaka akauza kiwanja chote, nusu yake na nusu yangu, kwa milioni 14. Nilirudi nikakuta seng'enge imezungushwa na mwembe umekatwa, kisiki bado kinatoa utomvu. Nilipomuuliza kaka alisema pesa zimelipa deni la hospitali ya baba na karo za watoto wake, na kwamba mimi nina lori. Lori ni la tajiri wangu, na yeye alilijua hilo vizuri.

Sasa sikilizeni jambo lililonikwamisha, kwa sababu kiwanja chenyewe kilikuwa mwanzo tu.

Mwaka 2011 nilikuwa nimenunua matofali elfu tatu ya kuchoma, nikayapanga uani kwa mama nikisubiri kuanza msingi. Baada ya kiwanja kuuzwa nilisema kwa hasira mbele ya mama: "Nitajenga kwenye kiwanja cha baba au sijengi kabisa." Nilidhani ni maneno ya siku moja. Yalidumu miaka minane. Pesa nilikuwa nazo, si nyingi, lakini mara mbili nilipata kiwanja cha bei nzuri na nikakikataa. Kununua kingine kwangu kulikuwa sawa na kusema kile kimekwenda. Nikabaki napanga chumba kimoja Malaba, mke na watoto wamebanana, huku matofali yanaota nyasi. Majirani walikuwa wakichukua moja moja la kuegemeza mlango au kuinjikia sufuria, na mama hakuwazuia kwa sababu hakujua aniambie nini.

Barabarani ilikuwa mbaya zaidi. Kutoka Malaba mpaka Elegu ni safari ndefu, na mimi niliisafiri nikiwa nagombana na kaka kichwani. Nilikuwa na hotuba nimeiandaa, naiongezea kila safari, na nikifika Karuma pale Nile inapopiga makelele chini ya daraja nilikuwa nishafika kwenye sehemu ya kumlaani. Kanisani nilikuwa nakwenda. Kila Jumapili nilisema "utusamehe deni zetu kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", na ulimi wangu haukusita hata kidogo. Ukiniuliza ningekwambia nimeshamsamehe zamani, nimemwachia Mungu. Kumbe nilichomwachia Mungu ni kazi ya kumpiga.

Mei 2020, wakati wa korona, nilikwama kwa maana halisi ya neno. Madereva tulikuwa tunapimwa mpakani na foleni ya malori upande wa Kenya ilikuwa kilomita kwa kilomita. Tulilala humo siku baada ya siku, tukipika kwa jiko la gesi chini ya trela. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kabale, dereva wa siku nyingi, mlokole wa ule uamsho wa zamani. Wasioujua: ulianzia Gahini, Rwanda, na Kigezi huku kwetu Uganda, ukashika moto Kabale katikati ya miaka ya 1930. Ndio ulioleta wimbo wa Tukutendereza Yesu unaoimbwa mpaka leo Afrika Mashariki nzima. Desturi yao kubwa ni kutembea katika nuru. Ukikosa unasema hadharani, ukiiba unarudisha.

Jioni moja nikamsimulia habari ya kiwanja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo katika miaka minane hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unamdai kiasi gani?"

Nikasema, milioni saba.

Akasema, "Hapana. Yote. Andika."

Akafungua Biblia yake ya Kiswahili, Mathayo 18, habari ya yule mtumwa aliyedaiwa talanta elfu kumi. Mahubiri ya sura hiyo nimeyasikia mara nyingi, na siku zote mhubiri husema yule mtumwa mwenzake alidaiwa kitu kidogo, dinari mia tu. Mzee akanionyesha kwamba dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Dinari mia ni siku mia za kazi, zaidi ya miezi mitatu. "Bwana Yesu hakusema deni la nduguyo ni dogo," akaniambia. "Lilikuwa deni la kweli." Na talanta moja ni kama dinari elfu sita, kwa hiyo talanta elfu kumi ni siku milioni 60 za kazi. Hakuna mtu wa kulilipa hilo. Mtumwa anaomba avumiliwe eti atalipa yote, na bwana wake, akijua haiwezekani, analifuta.

Kwangu pale ndipo mlango ulipofunguka, wakuu. Miaka yote nilidhani kusamehe ni kusema "si kitu, yamepita". Nafsi yangu ilikataa kwa sababu kilikuwa kitu. Kumbe ili ufute deni lazima kwanza ulisome.

Nikachukua daftari. Niliandika kurasa tatu. Milioni saba. Nusu ya chini, hamsini kwa mia. Mwembe. Wazee walioniuliza kama niliuza na mimi nikakana. Mama kulia siku ya Krismasi. Nyumba ambayo binti yangu alipaswa kuzaliwa humo. Hotuba zangu za barabarani, maana hata amani yangu ya safarini niliona amenichukulia yeye. Nilipomaliza mzee akaniambia nisome mstari mmoja mmoja kwa sauti, na baada ya kila mmoja niseme: "Bwana, hili simdai tena."

Milioni saba ilitoka kirahisi, nilishangaa. Kwenye mwembe koo likafunga. Nilikaa na daftari mapajani, mzee naye akakaa kimya. Foleni ikasogea mita kama ishirini, tukawasha malori, tukasogea, tukazima. Mstari ule niliusema usiku saa saba peke yangu kwenye kabini, nikalia kama mtoto.

Asubuhi hakukuwa na maajabu. Daftari sikulichoma wala kulichana, baadaye niliandikia humo humo hesabu za dizeli. Ila mwaka 2021 niliambiwa kuna kiwanja kidogo, hamsini kwa hamsini, nikakitazama na kukinunua. Nilipokuwa natoka nimekunja makubaliano mfukoni ndipo nilipogundua kwamba safari hii sikugombana na mtu. Nilikwenda kwa mama kuchukua matofali. Yaliyofaa yalikuwa 2,140. Aliyenisaidia kupakia alikuwa mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka kumi na saba, na karo zake nadhani ndizo zilizokula mwembe wangu. Tulipakia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na mama akatuletea ugali wa muhogo na mchuzi wa karanga tukala sahani moja.

Kaka hajaniomba msamaha mpaka leo. Karibuni tujadili.

Mama Wawili, Jinja

Mleta uzi, ubarikiwe, lakini niseme ukweli, hili neno "samehe" linaniogopesha. Nilipigwa na mume wangu, nikaenda kwa mchungaji, akaniambia kusamehe ni kurudi. Nikarudi. Alinivunja mkono. Sasa nakaa kwa dada yangu na watoto, na kila nikisikia mahubiri ya msamaha najisikia mimi ndiye mwenye dhambi. Nimekwama hapo.

Dereva wa Kaskazini

Dada yangu, pole sana. Nakujibu wewe kwanza kabla ya wengine.

Aliyekwambia kusamehe ni kurudi amekuongezea mzigo ambao Biblia haikukutwisha. Soma Mwanzo 33. Yakobo na Esau wanakumbatiana, wanabusiana, wanalia. Halafu Esau anamwambia twende pamoja, na Yakobo anakataa kwa upole. Esau akaenda Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Walipatana, na kila mmoja akalala kwake. Yusufu aliwalilia ndugu zake kwa siri, lakini aliwapima kwanza aone kama wamebadilika, hakuwarukia siku ya kwanza. Paulo anamtaja Iskanda mfua shaba kwa jina, anasema Bwana atamlipa, na hapo hapo anamwonya Timotheo: "Nawe ujihadhari na huyo."

Mkono uliovunjika ni jambo la polisi na daktari. Unaweza kumfutia deni mbele za Mungu huku kesi inaendelea, na huku mlango wako umefungwa kwa komeo. Na usiharakishwe. Mimi kwa kiwanja tu ilinichukua miaka minane.

Mama Wawili, Jinja

Sikuwahi kusoma sehemu ya Seiri na Sukothi. Asante. Nitaisoma usiku watoto wakilala.

Mkazi wa Gulu

Mkuu, naheshimu ushuhuda wako, ila huku kwetu Acholi mambo hayaendi hivyo. Tuna mato oput. Mtu akiua, ukoo wake unakubali kosa kwanza, ukweli unasemwa wote, fidia inalipwa, ndipo pande mbili zinapiga magoti na kunywa ule mzizi mchungu kwenye kibuyu kimoja. Uchungu unanywewa na wote wawili. Wewe umekunywa peke yako na kaka yako hajaonja. Huo ni msamaha gani? Sisi tuliowaona watoto wetu wakichukuliwa na waasi wa Kony tunajua bei ya kusamehe mtu ambaye hajasema kosa lake.

Dereva wa Kaskazini

Ndugu wa Gulu, neno lako ni zito na sitalipunguza. Mimi nimepoteza kiwanja, ninyi mmepoteza watoto. Siwezi kukufundisha kitu hapo.

Nisemalo ni dogo tu. Mato oput ninavyoielewa ni kupatana, na kupatana kunahitaji wawili. Natamani siku moja kaka akae na mimi mbele ya wazee aseme. Akija, nitapiga magoti naye. Lakini asipokuja kamwe? Je, nibaki nimekwama mpaka atakapoona vyema?

Mnakumbuka Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wenu wa Acholi, aliuawa na utawala wa Idi Amin, akazikwa kwao Mucwini. Kivengere naye alikuwa anatafutwa. Alikimbia usiku na mkewe wakapanda milima kwa miguu mpaka Rwanda. Mwenyewe alisimulia kwamba huko uhamishoni alijaa uchungu dhidi ya Amin, na kwamba Ijumaa Kuu, ibadani London, aliposikia yale maneno ya msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", akajua hana ruhusa ya kuendelea kumchukia. Akatangaza hadharani amemsamehe, na watu wengi hawakumwelewa. Na hakunyamaza, aliendelea kuyasema maovu ya Amin kila alipokwenda.

Amin hakuomba msamaha. Aliishi mpaka Agosti 2003, akafia Jeddah. Kivengere alifariki 1988, miaka 15 kabla yake. Kama angesubiri Amin aje kunywa naye kibuyu kimoja, angekufa akisubiri.

Mkazi wa Gulu

Nimekuelewa kuhusu kusubiri. Bado nasema ukweli uliosemwa una dawa yake, na wengi huku hawajausikia bado. Ila nimekuelewa.

Abu, Mbale

Mimi ni Muislamu, naomba nichangie kidogo. Katika Sura ya Ash-Shura, aya ya 40, tunaambiwa malipo ya ubaya ni ubaya mfano wake, lakini anayesamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Baba yangu alikuwa akiisoma kila kukitokea ugomvi wa mirathi. Hongera kwa nyumba, kaka.

Kijana wa Bweyogerere

Mzee, swali. Mimi nilisamehe rafiki aliyenidhulumu pesa za bodaboda, nikaomba, nikalia, nikajisikia mwepesi. Wiki mbili baadaye nikamwona Kireka amepanda pikipiki mpya na hasira ikarudi yote. Ina maana sikusamehe?

Dereva wa Kaskazini

Ulisamehe, kijana. Hata mimi inarudi. Seng'enge ile iko kando ya barabara, naipita kila nikienda kwa mama. Kuna siku napita vizuri, kuna siku tumbo linakaza na ile hotuba inaanza tena, "kaka, wewe..." Zamani ningeiachia mpaka Karuma. Siku hizi naikatiza mapema, nasema kwa sauti, "lile la mwembe nilishalifuta", nikiwa peke yangu kabini. Petro aliuliza kama mara saba zinatosha, akajibiwa saba mara sabini. Zamani nilidhani hizo ni makosa 490 tofauti. Sasa nadhani mengine ni kosa lile lile moja, linalosamehewa kila unapopita seng'enge.

Na pesa zako una haki ya kuzidai, nenda na mashahidi. Kudai haki si chuki.

Binti wa Luweero

Nimesoma uzi huu mara mbili. Nina jambo la kusema na sijui kama ni mahali pake.

Mama yangu ni wa Luweero. Vita vya waasi na serikali ya Obote vilipochacha pale mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikimbilia Kampala, na Kampala akakutana na zile operesheni za "panda gari". Ninyi vijana mnasikia tu. Askari wa serikali walikuwa wanazingira mtaa, wanaamuru watu kwa Kiswahili, panda gari, na waliopanda yale malori wengine hawakurudi. Mjomba wangu alipanda. Mpaka leo mama akisikia Kiswahili redioni anazima. Mimi nimejifunza kazini, na nikiwa nyumbani napokea simu nje ya nyumba ili asinisikie. Mwaka 2022 serikali ilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, alikaa kimya siku nzima.

Wewe mleta uzi ni dereva wa lori, mtoto wa askari, unaandika juu ya msamaha kwa Kiswahili. Sikulaumu. Nilitaka tu ujue nilivyokusoma.

Dereva wa Kaskazini

Binti, nimechelewa kukujibu siku mbili kwa sababu nilisoma ujumbe wako nikiwa Elegu, nikashindwa kuandika.

Baba yangu alikuwa askari miaka hiyo. Alikuwa baba mpole. Alitufundisha nyimbo, alichonga fimbo za kutembelea, alipanda ule mwembe kwa mkono wake alipostaafu. Sijawahi kumuuliza alikuwa wapi mwaka 1983. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza na sikumuuliza, nafikiri kwa sababu niliogopa jibu. Labda hakuwa huko. Labda alikuwa.

Katika uzi wote huu nimejiweka upande wa anayedai. Nimewaeleza mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi na sikujiuliza sana talanta zangu ni zipi. Nimekula chakula cha mshahara ule. Siwezi kumwombea baba msamaha kwa jambo nisilolijua, na siwezi kukwambia mama yako asamehe. Hilo halimo kinywani mwangu kabisa. Naweza kusema hili: kwa mjomba wako aliyepanda lori lile na hakurudi, nasikitika. Kwa mama anayezima redio, nasikitika. Azime. Ni haki yake.

Mama Wawili, Jinja

Nimelia.

Kijana wa Bweyogerere

Mimi sikujua kabisa habari ya panda gari. Nimemuuliza bibi yangu leo. Amenisimulia mpaka usiku.

Binti wa Luweero

Mleta uzi, nimekaa na jibu lako wiki nzima. Jana jioni nilimweleza mama, nikamtafsiria kwa Luganda, sehemu ya kiwanja na sehemu ya baba yako. Sikumwambia nilisoma wapi. Alikuwa anamenya matoke, hakuacha kumenya. Baadaye akaniuliza mwenyewe uliandika kwa lugha gani, nikamwambia. Hakusema kitu.

Leo asubuhi wakati natoka kwenda kazini ameniita nyuma. Amesema nikuulize, je, kwenye kile kiwanja kipya umepanda mwembe mwingine?

Dereva wa Kaskazini

Mwambie mama nimepanda miwili. Mmoja ulikauka kiangazi cha mwaka juzi. Wa pili umeshika, uko upande wa jikoni, na mwaka huu umetoa maua kwa mara ya kwanza.